Mwalimu yuko Nairobi, kinanda kiko Dodoma: mtoto anachelewa, au sauti ndiyo inayochelewa?

"Binti yangu ana miaka 7 na kaka yake 13. Tangu Januari wanasoma piano kwa Zoom na mwalimu aliyeko Nairobi, kila mmoja nusu saa Jumamosi. Sisi tuko Dodoma. Tunatumia simu yangu na kinanda cha vibonyezo 61 tulichonunua kwa mtu, tumekiweka juu ya meza ya chakula. Mwalimu anasema binti hafuati mapigo, kila akimpigia makofi yeye anachelewa, na nota zake ndefu zinakatika. Mtoto ameanza kulia ikifika Jumamosi. Kaka yake hamsikilizi mwalimu, anajifunza kwenye programu ya rangi zinazoshuka na anapiga nyimbo nzima. Mpiga kinanda wa kanisani kwetu anasema masomo ya mtandaoni yanaharibu mikono ya watoto. Niendelee, niache, au ninunue piano kubwa kwanza?"

Mama, piano kubwa isubiri. Tuanze na machozi ya Jumamosi, maana kwa ulivyoeleza, binti yako anabebeshwa kosa la mtandao.

Kofi la mwalimu halifiki Dodoma papo hapo. Simu yake inalinasa, inalibana liwe dogo, inalikata vipande na kuvituma, kisha simu yako inavingoja vikutane ndipo ivitoe kama sauti. Tuseme safari hiyo inachukua milisekunde 150, na hapo bando limetulia. Binti anasikia kofi na kubonyeza palepale. Amefanya sawasawa. Lakini nota yake nayo ina safari ya kurudi, 150 nyingine, kwa hiyo mwalimu anaisikia milisekunde 300 baada ya kofi lake. Sasa chukua wimbo wa mapigo 100 kwa dakika: kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 600. Nota iliyopigwa juu ya pigo kule Dodoma inatua Nairobi katikati kabisa ya mapigo mawili. Mwalimu anamwambia awahi, na mtoto, kwa kuwa ni msikivu, anaanza kubonyeza kabla ya kofi. Hapo ndipo anapojifunza kukosea kweli, tena kwa bidii.

Mtandao wenye kasi hupunguza ucheleweshaji huo lakini hauumalizi, kwa hiyo usiongeze bando ukitarajia muujiza. Kinachobadilika ni namna ya kufundisha: watu wawili wasipige wala kuhesabu pamoja kupitia Zoom. Mapigo yatoke upande wa mtoto. Weka metronomu (programu inayotoa mapigo kwa kasi uliyochagua) kwenye simu ya pili, kando ya kinanda, au, kwa umri wake ni bora zaidi, ahesabu kwa sauti yake mwenyewe, "moja, mbili, tatu, nne", huku akipiga. Sauti yake na nota zake zinatoka mahali pamoja na zitafika Nairobi pamoja, hata zikichelewa. Mwalimu asikilize tu, asubiri amalize, ndipo aseme. Akitaka apige naye, arekodi sehemu yake na kuituma kabla ya siku ya somo, muicheze hapo nyumbani mtoto apige juu yake, na yeye azime kipaza sauti chake.

Jambo jingine la kuangalia ni Bluetooth. Spika au hedifoni za Bluetooth zina ucheleweshaji wao, na sauti ya kinanda ikipitia huko mtoto anabonyeza sasa na kusikia baadaye kidogo. Hata mkubwa aliyezoea hapo huyumba. Tumieni spika ya kinanda chenyewe, na sauti ya mwalimu ije kwa hedifoni za waya, sikio moja likiachwa wazi.

Kuhusu nota zinazokatika, kuna uwezekano mkubwa kwamba binti anazishikilia vizuri tu. Programu za mikutano zimetengenezwa kwa ajili ya maneno. Maneno ni sauti fupi zinazopanda na kushuka. Sauti iliyotulia bila kubadilika, kama feni au jenereta ya jirani, programu inaiona kelele na kuifuta. Nota ndefu ya piano inaanza kwa kishindo kidogo kisha inatulia ikififia polepole, na kwa programu hiyo haina tofauti na feni. Inafyekwa. Isitoshe, programu hupandisha sauti ndogo na kushusha kubwa ili zilingane, kwa hiyo mwalimu akimwambia mtoto apige kwa upole, hana namna ya kujua kama amepiga kwa upole.

Zoom ina dawa yake. Kwenye mipangilio ya mikutano ndani ya simu, washa sehemu inayoruhusu sauti halisi, ile isiyochujwa. Kisha, na hapa ndipo wengi hukwama, kila somo likianza unaiwasha tena ukiwa ndani ya mkutano, kwenye orodha ya vitufe vya ziada. Ukiwa na kompyuta ni afadhali, kwa sababu sehemu hiyo inakuwa na chaguo la ubora wa juu kwa muziki. Fanya jaribio na mwalimu kabla ya somo: binti abonyeze nota moja na kuishikilia akihesabu hadi 8, mwalimu anyooshe mkono sauti inapopotea kwake. Mkono ukinyooka kwenye 2 wakati nyumbani bado mnaisikia, kichujio hakijazimwa. Chagueni sauti ya kinanda ya piano kwa jaribio hili, maana sauti ya ogani haififii na itawadanganya.

Mkishamaliza hayo, ongezeni rekodi ya katikati ya wiki. Jumatano binti apige dakika moja tu, urekodi kwa simu na kumtumia mwalimu. Rekodi haina ucheleweshaji ndani yake, kwa hiyo hapo mwalimu atasikia mapigo ya mtoto yalivyo kweli. Mwalimu anayekataa kusikiliza rekodi ya dakika moja, kwa maoni yangu, hajaielewa kazi ya kufundisha mtandaoni.

Kwa kuwa kinanda chenu kimetumika, kagueni na haya. Kuna kitufe cha kupandisha au kushusha ufunguo wa wimbo. Mtu wa kwanza akikiacha mahali fulani, mtoto anabonyeza nota ya C na inatoka ya D, na mwalimu anadhani ameshika pasipo. Kuna pia mpangilio wa kodi za kujiendesha (kodi za muziki, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, si zile za TRA), ambapo vibonyezo vya mkono wa kushoto vinaita ngoma na besi badala ya nota. Zima vyote viwili. Halafu bonyeza kibonyezo kimoja polepole, kisha kwa nguvu. Sauti ikiwa ileile, tafuta kwenye mipangilio kama mwitikio wa mguso umezimwa. Kama kinanda hakina kabisa mwitikio huo, hicho ndicho cha kubadilisha mapema, kuliko hata idadi ya vibonyezo. Pima pia upana: vibonyezo 7 vyeupe vilivyofuatana viwe na takriban sentimita 16.5. Vikiwa pungufu sana, mna kinanda cha kuchezea, na kila umbali ambao vidole vinajifunza humo utakuwa wa uongo siku watakapokaa kwenye piano.

Sasa meza ya chakula. Mpiga kinanda wenu anasema mtandao unaharibu mikono. Kwenu, meza inaiharibu zaidi.

Uso wa vibonyezo vya piano ya kawaida uko kama sentimita 72 kutoka sakafuni. Meza ya chakula peke yake ina kama 75. Ukiongeza unene wa kinanda, vibonyezo vinafika karibu 85. Mtoto wa miaka 7 kwenye kiti cha plastiki anavifikia akiwa ameinua mabega, viwiko viko chini, viganja vinaning'inia kwenye ukingo wa kinanda. Kiganja kikining'inia, mkono hauwezi kushusha uzito wake kwenye kidole, kwa hiyo kidole kinasukuma peke yake, na kwa kuwa ni kidogo, kiungo chake cha mwisho kinabonyea kwa ndani kama mguu wa kiti cha plastiki kilichokaliwa na mtu mzito. Mwalimu anaona vidole vimelala na kusema "kunja vidole". Mtoto anavikunja, vinakakamaa kama kucha za kuku, na sasa mna matatizo mawili.

Rekebisha kutoka chini kwenda juu. Stendi ya kinanda yenye miguu ya mkasi inayopanda na kushuka ndiyo bora; ishushe mpaka vibonyezo viwe kwenye 70 hivi. Kama haipatikani, mpandishe mtoto. Blanketi lililokunjwa likawa gumu ni zuri kuliko mto laini unaozama. Akikaa nusu ya mbele ya kiti, mabega yamelegea, ncha ya kiwiko iwe sawa na uso wa vibonyezo au juu yake kidogo. Akinyoosha mikono akiwa amekunja ngumi, ngumi ziguse ubao ulio nyuma ya vibonyezo bila yeye kuinama. Ukishampandisha, miguu itaning'inia, na mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hushika kiti kwa misuli ya tumbo na mgongo asianguke, na mvutano huo unapanda hadi mikononi. Weka kreti la soda lililogeuzwa chini ya miguu, au kigoda. Kaka yake hahitaji kreti, ila kiti chake kipimwe upya, si kilekile.

Mkono wenyewe mfundishe hivi. Asimame, mikono ining'inie pembeni, aitikise kidogo kisha aiache. Vidole vitajikunja vyenyewe kidogo, kama vimeshika chungwa lisiloonekana. Abebe umbo hilohilo mpaka kwenye vibonyezo vitatu vyeusi vilivyo pamoja na kuviwekea vidole vya 2, 3 na 4 (kidole gumba ndicho cha 1). Vidole virefu kwenye vibonyezo vilivyoinuka huufanya mkono ujikunje bila kuambiwa. Aangushe mkono mzima kwenye kidole kimoja, taratibu, kama anaweka kikombe mezani, kisha kingine. Dakika 2 kila siku zinatosha. Kiungo cha kidole chake kikiendelea kubonyea mara mojamoja usitishike, viungo vya umri huo bado ni laini. Kuna watu watakuambia umwekee sarafu juu ya mkono asiiangushe. Kataa. Sarafu haitaanguka, kweli, kwa sababu kifundo cha mkono kitakuwa kimekauka kama mti.

Kamera nayo iangalie mahali pa maana. Simu iliyosimamishwa mbele ya uso inamwonyesha mwalimu tabasamu la mtoto na paji la uso. Iweke upande wake wa kulia, mita 1 hadi 1.5 kutoka kwake, juu kidogo ya vibonyezo, ili mwalimu aone kuanzia vidole hadi bega, na kifundo cha mkono kwa ubavu. Mkitumia simu ya pili kuonyesha vibonyezo kutoka juu, zimeni kipaza sauti na spika ya simu hiyo, la sivyo zitapigiana mayowe.

Hata hivyo kuna sehemu ambayo mpiga kinanda wenu yuko sahihi, na sitaifunika. Kamera inaonyesha umbo la mkono, haionyeshi uzito. Mwalimu aliyekaa kando ya mtoto huweka kidole chini ya kifundo cha mkono wake na kujua mara moja kama umelegea au umekakamaa. Wa Nairobi hawezi. Kwa hiyo kwa binti, wewe ndiye mikono ya mwalimu. Kaa naye somo zima, kimya, usirekebishe nota, na nyumbani angalia mambo matatu tu: mabega, kifundo cha mkono, pumzi (watoto wengi hushikilia pumzi wakipiga). Ukiona moja limekaza, mguse, asimame, aanze tena. Mtoto wa miaka 7 asiye na mtu mzima pembeni, somo la mtandaoni siliungi mkono.

Nusu saa moja kwa wiki kwa umri wake inafaa, ila mkiweza kuigawa iwe dakika 20 mara mbili, igaweni. Kosa la Jumamosi lisikae hadi Jumamosi nyingine. Mazoezi yawe dakika 10 hadi 15, siku 5. Kaka yake anahitaji somo la dakika 45, na mazoezi ya 20 hadi 30.

Tahadhari moja kama binti yuko kwaya ya watoto. Huko amezoea do, re, mi, na kwa mfumo wa kwaya zetu do inahama kufuata ufunguo wa wimbo. Mwalimu wa Zoom anasema C, na C haihami. Mtoto anayedhani do ni jina jingine la C atachanganyikiwa na ataonekana mzito wa kuelewa. Mwonyeshe kwa vidole: do re mi fa so kuanzia C, vyote vyeupe. Kuanzia G, vyeupe tena. Kuanzia D, mi inaangukia kwenye kibonyezo cheusi, na sikio lake la kwaya litamwambia hivyo kabla ya kitabu. Huo ni mtaji mkubwa, mwambieni mwalimu kwamba anao.

Kaka yake simlaumu. Ana miaka 13, anataka wimbo unaotambulika leo, na programu inampa. Shida ni kwamba anachojifunza ni kufukuza rangi. Jicho linaona mstari unashuka, kidole kinakimbilia. Hakuna kuona mbele, hakuna kujua yuko kwenye nota gani. Mpime bila kumdhalilisha: funika simu, mwambie apige kuanzia katikati ya wimbo, au mkono wa kushoto peke yake. Akiweza, ameujua wimbo kweli, mpongeze. Akikwama, ameona mwenyewe. Msimnyang'anye programu. Mwombeni mwalimu aache kumpa vitabu vya watoto wadogo, achukue wimbo mmoja ambao kijana ameuchagua na kumfundisha kodi zake, kwa kuanzia C, G, Am na F, huku wakisoma nota za mkono wa kulia mistari miwili tu kwa wiki. Kodi nne hizo zitamfanya aweze kusindikiza watu wakiimba, na kijana anayeombwa asindikize hahitaji kusukumwa kufanya mazoezi.

Piano kubwa, basi. Muziki wa mwaka wa kwanza hukaa karibu na C ya kati na haufiki kwenye kingo za vibonyezo 61. Piano ina 88, nyeupe 52 na nyeusi 36. Kilichopungua kwenye kinanda chenu ni uzito: kibonyezo cha piano huhitaji takriban gramu 50 ili kishuke, cha kinanda chepesi kinasukumwa na springi na hakiwapi vidole kazi hiyo. Mtoto aliyekaa huko miaka mitatu atapiga piano halisi kama anagusa kitu cha moto. Kwa hiyo mkiona wamedumu mwaka mmoja, nunueni piano ya kidijitali yenye vibonyezo 88 vizito, na stendi isiyotikisika. Siku itakapofika, waambieni kwamba C ya kati, iliyokuwa C ya tatu kutoka kushoto, sasa ni ya nne. Wengi hupotelea hapo wiki nzima. Piano ya mbao iliyotumika nisingeishauri Dodoma mpaka fundi wa piano aikague kwa ndani, kwa sababu pini zilizolegea hazishiki nyuzi hata ikitunzwa, na ile nzima inahitaji kurekebishwa sauti walau mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo endeleeni, ila kila wiki 6 hadi 8 mtafute mtu wa kukaa nao ana kwa ana saa moja. Mkisafiri likizoni, pangeni masomo mawili matatu huko: Arusha kuna idara ya muziki ya Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, unaweza kuulizia mwalimu kupitia huko. Mpiga kinanda wenu pia anaweza kuwaangalia mabega na vifundo vya mikono, mradi ukumbuke kwamba ogani haibadilishi sauti kwa uzito wa kidole, kwa hiyo suala la kupiga kwa upole na kwa nguvu limwachie mwalimu wa piano. Masomo yafanyike sebuleni, mlango wazi, na ujumbe wa mwalimu upite kwenye simu yako hata kwa huyo wa miaka 13.

Msisubiri hizo wiki 6 ikiwa vidole bado vinalala kila mara ingawa kiti kimerekebishwa kwa mwezi mzima, au mabega yanapanda kila akigusa kinanda. Na mtoto akilalamika maumivu ya kifundo au mkono, au ganzi vidoleni, asimamishe kupiga siku hiyohiyo. Yakiendelea baada ya siku chache za kupumzika, mpeleke kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia akiwa na video fupi ya anavyokaa kwenye kinanda, iliyopigwa kwa ubavu.